Yoyo tano za Kamukunji na Gikomba

Msomaji mpendwa, ikiwa una mtoto anayesoma katika shule yoyote ya jiji hili, bila shaka umewahi kuipokea ile barua. Huja imekunjwa ndani ya shajara siku ya Jumatano jioni, wakati wewe umechoka na sufuria iko mekoni, nayo husema kwa ufupi kwamba kufikia siku fulani mwanafunzi alete shuleni kitu alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, barua za aina hiyo zimekuwa nyingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Nasi wazazi tumejifunza njia ya mkato ya kuzijibu. Tunamtafuta fundi, tunamlipa, na mtoto anapeleka shuleni kitu ambacho kazi yake yeye ilikuwa kukibeba tu.

Mimi pia nilikuwa katika kundi hilo. Mwaka mmoja kabla ya safari ninayotaka kukusimulia, binti yangu alipeleka shuleni mkokoteni mdogo wa mbao, wenye magurudumu yanayozunguka na vishikio viwili vilivyopigwa msasa vikang'aa. Ulikuwa umeundwa na seremala wa mtaa wetu kwa shilingi mia nne. Mwalimu aliusifu na kumpa alama za juu kabisa. Hata hivyo, jioni ile mtoto hakuniambia lolote. Niliziona alama hizo mwenyewe siku mbili baadaye nilipokuwa nikitia sahihi katika shajara. Nilipomuuliza mbona amenyamaza, alinijibu bila hasira, "Mama, hizo ni za fundi."

Sikuwa na la kusema. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na siku hiyo niliuonja ukweli wa maneno hayo.

Barua iliyofuata ilitaka kitu cha kuchezea chenye kuzunguka. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alichagua yoyo. Nikaapa kimoyomoyo kwamba safari hii tutawaendea mafundi ili watufunze, wala si watufanyie. Basi nifuate, msomaji, maana njia tuliyoipita hata wewe waweza kuipita Jumamosi yoyote, na nauli yake haizidi ile ya kwenda mjini kutazama madirisha ya maduka.

TULIANZIA JIKONI

Yoyo, kwa aliyesahau, ni visahani viwili vilivyoshikanishwa katikati na kijiti kifupi kiitwacho mhimili, na uzi uliozungushwa hapo. Ukiitupa, inateremka huku uzi ukijifungua. Ikifika mwisho, mzunguko wake wenyewe huufunga uzi tena na kuipandisha hadi kiganjani.

Mchezo huu ni wa kale sana. Mjini Berlin, nchini Ujerumani, kumehifadhiwa kikombe cha Wagiriki wa kale chenye picha ya mvulana akicheza na kitu kama hiki, nacho kiliumbwa yapata mwaka wa 440 kabla ya Kristo. Lakini mtu aliyeifanya yoyo kuwa biashara kubwa alikuwa Pedro Flores, mhamiaji kutoka Ufilipino, ambaye mwaka wa 1928 alifungua kiwanda kidogo huko Santa Barbara, jimbo la California, Marekani. Zile za kwanza kabisa alizichonga kwa mkono.

Habari hiyo ya Flores ilimtia binti yangu moyo. "Kama yeye alianza na mikono, hata sisi tuna mikono," akasema.

Tukatwaa vifuniko viwili vya mitungi ya jemu, tukavitoboa katikati kwa msumari, tukavifunga mgongo kwa mgongo kwa bolti na nati, kisha tukafunga uzi wa kushonea. Hiyo ndiyo iliyokuwa yoyo yetu ya kwanza. Ilianguka kwa uvivu, ikapanda hadi usawa wa goti, ikafia hapo ikining'inia kama kuku aliyechinjwa.

Nilidhani mtoto atalia. Badala yake alichukua daftari, akaiweka yoyo kwenye mizani yangu ya kupimia unga wa keki, akaandika: "Yoyo ya 1. Gramu 19. Inateremka. Hairudi."

Naomba ulikumbuke daftari hilo, msomaji, maana ndilo lililotuongoza safari nzima. Mtu anayebuni kitu bila kuandika atalirudia kosa lile lile mara tatu akidhani anajaribu mambo matatu.

Ila kwa nini haikurudi? Ilikuwa nyepesi mno. Yoyo hupanda kwa nguvu za ule mzunguko ilioupata ikishuka, na kitu chepesi hakiwezi kuziweka nguvu nyingi. Yoyo nyingi za madukani huwa na upana wa milimita 55 hadi 60 na uzito wa gramu 50 hadi 70. Sisi tulikuwa na gramu 19. Tulihitaji chuma, na mkazi wa Nairobi anayetaka chuma anajua aende wapi.

JUMAMOSI YA KWANZA: KAMUKUNJI

Ukitoka katikati ya jiji, fuata Barabara ya Landhies, upite soko la Muthurwa na kile kituo cha mabasi ya mashambani ambacho wengi hukiita Machakos. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda na msongamano haujawa mkubwa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu vipande vya bati hutapakaa chini, na umshike mtoto mkono, maana mikokoteni ya hapo haina breki na wenyewe hawana subira.

Kabla hujayaona mabanda ya Kamukunji utayasikia. Ni nyundo juu ya nyundo, mamia kwa mamia, hivi kwamba watu wa pale wamezoea kuzungumza kwa ishara. Hapa ndipo yanapoundwa masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, makarai, wilbaro, sufuria za kupikia harusini na majiko ya kila kimo. Mengi hutokana na mapipa makuukuu na vyuma chakavu. Jina "jua kali" lenyewe lilizaliwa na hali ya mafundi waliofanya kazi bila paa, jua likiwachoma utosini. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa hapa na kuwaahidi vibanda, na tangu hapo jina hilo likapata heshima hata katika hotuba za serikali.

Binti yangu alisimama mbele ya rundo la majiko, yale yenye kiuno chembamba na bakuli la udongo ndani. Nikamweleza kwamba hata hilo jiko halikushuka kutoka mbinguni likiwa na umbo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wabunifu walianza na wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakalijaribu, wakasikiliza malalamiko ya waliolitumia, wakalibadilisha umbo na udongo mpaka likawafaa wapishi wa Kenya. Leo hula makaa machache kuliko lile la bati tupu, na hakuna mtu anayekumbuka yale yaliyopasuka njiani.

"Kwa hivyo hata jiko lilikuwa na namba moja, namba mbili?" akauliza. Nikamwambia naam.

Fundi wa masanduku tuliyemwendea alikuwa kijana mchangamfu. Alikata duara mbili za upana wa sentimita 6 kutoka kwenye bati nene la pipa, akampa mtoto tupa alainishe kingo zake, kisha akampa nyundo na msumari wa chuma kigumu atoboe matundu mwenyewe. Hapo nikafanya kosa. Wingu lilikuwa limetanda, nami sikutaka mvua inikute Kamukunji. Nikawaharakisha. Tundu likapigwa kwa kukadiria na jicho.

Yoyo ya pili ilikuwa na uzito wa gramu 61 pamoja na bolti na nati, na iliposhuka, ilishuka kwa kishindo. Ila ilitetemeka kama matatu iliyolegea gurudumu, uzi ukaruka huku na huko, nayo ikagonga mguu wa fundi. Fundi alicheka, akaitwaa, akapima kwa rula. Tundu la upande mmoja lilikuwa nje ya katikati kwa milimita 2.

"Dada, milimita mbili kwa sanduku si kitu," akaniambia. "Lakini kitu kinachozunguka hakisamehe."

Kisha akatufunza jambo ambalo nakupa wewe bure. Ukitaka kupata katikati ya duara, kata karatasi yenye upana sawa nayo, uikunje mara mbili, uifungue. Mahali mikunjo inapokutana ndipo katikati. Bandika karatasi hiyo juu ya bati na utoboe hapo.

Baada ya hapo akasema neno lililonijaribu. Kwa shilingi mia mbili, alisema, angeweza kutuundia nyingine iliyonyooka, ya kung'aa, tukaenda nayo nyumbani saa hiyo hiyo. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Binti yangu alinitazama, hakusema kitu. Nikaufunga mkoba. Tukamlipa fundi kwa wakati wake na bati lake, tukamshukuru, mvua ikatunyeshea kweli kweli.

JUMAMOSI YA PILI: GIKOMBA

Ukivuka kutoka Kamukunji unaingia Gikomba, na sauti inabadilika. Huku nyundo zinapungua na mnadi wa bei unaongezeka. Marobota ya mitumba yanakatwa kamba, kina mama wanainama kuchagua, na wachukuzi wanakupigia kelele uwapishe. Lakini ukipita nguo na viatu ukaendelea mbele, utaanza kusikia harufu ya mbao mbichi na kuona vumbi la msumeno limefunika kila kitu. Hapo ndipo penye vitanda, makabati, na miguu ya meza iliyopangwa kama askari.

Soko hili limewahi kuungua mara nyingi. Moto wa mwezi Juni 2018 uliwaua watu wasiopungua 15. Mzee tuliyemwendea aliwahi kupoteza vifaa vyake vyote katika moja ya mioto ya Gikomba, akabakiwa na patasi moja iliyokuwa nyumbani ikisubiri kunolewa. Mashine anayoitumia sasa aliiunda upya kwa mota kuukuu na vyuma vya Kamukunji.

Ni mzaliwa wa Majengo, hapo karibu, na kazi aliifunzwa akiwa kijana na fundi wa kutoka Lamu. Kwa sababu hiyo hasemi "lethi" kama vijana wa mbao wasemavyo. Yeye husema keezo, na kazi yake anaiita kukereza. Haya ni maneno ya Kiswahili cha tangu zamani, yaliyotumika pwani kabla ya umeme, wakati mkereza alipozungusha mti kwa kamba na upinde ili kuunda miguu ya vitanda vya samadari, na hata pia za watoto. Binti yangu, ambaye hakuwahi kuyasikia darasani, aliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari.

"Shikamoo, mzee," akamsalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kununua au umekuja kufanya kazi?"

Nikamweleza shida yetu. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Mama, nikimkerezea mimi, mwalimu atanipa mimi alama. Na mimi shule nilimaliza zamani."

Wakaafikiana hivi: patasi ataishika mzee, kwa kuwa keezo si mchezo wa mtoto na ncha ikikwama huweza kumrukia mtu usoni. Lakini kuchagua mti, kuchora, kupima, kupiga msasa na kuamua nini kibadilishwe, hayo yote yatakuwa ya mtoto. Akamfunga nywele kwa kitambaa, akampa miwani ya kukinga macho, wakaanza.

Yoyo ya tatu ilitokana na vipande viwili vya mgrevilea, ule mti wa kivuli uliozoeleka katika mashamba ya kahawa. Vilikuwa vya ukubwa uleule kwa milimita. Ilipotupwa ikalalia upande mmoja kama mlevi, uzi ukakwaruza ukingo. Mtoto akaifungua na kupima kila nusu: gramu 31 na gramu 24. Mzee akamwonyesha kwamba vipande vile vilitoka katika mbao mbili tofauti, mmoja ukiwa umetoka karibu na moyo wa mti. Macho hayauoni uzito. Tangu hapo nusu zote mbili zilikatwa katika ubao mmoja, zikiwa jirani.

Yoyo ya nne ilikuwa na gramu 27 kila upande. Ilishuka wima, ikazunguka vizuri mwisho wa uzi, ikakataa kupanda. Mtoto akavuta, akavuta tena, wapi! Daftari likaulizwa. Nafasi kati ya zile nusu mbili ilikuwa milimita 6, na ndani ya nafasi kubwa hivyo uzi hauzigusi kuta, basi hakuna kinachoukamata ili ujizungushe tena. Lakini nafasi ikiwa ndogo kupita kiasi, uzi hukamatwa mapema na yoyo hurudi papo hapo kabla hujafurahi. Mzee alipendekeza milimita 3.

Binti yangu alitaka kubadilisha nafasi, mti na umbo kwa pamoja. Mzee akamzuia. "Badilisha moja, ujaribu. Ukibadilisha matatu, ikikubali hutajua umshukuru nani."

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mzee hakutia gundi. Zile nusu alizishika kwa bolti nyembamba, akaificha ndani ya kijiti cha mti chenye tundu, kipana milimita 9, ndicho kilichokuwa mhimili. Nati alizizamisha ndani ya mbao pande zote mbili. Ukizilegeza, yoyo inafunguka, unabadilisha kitu, unafunga tena. Baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa meno wa San Francisco, Tom Kuhn, ambaye yoyo zilikuwa mapenzi yake nje ya kazi, alitoa mwaka wa 1978 yoyo ya mbao inayofunguka hivyo hivyo, yenye mhimili unaobadilishwa na nusu zinazoweza kugeuzwa ili kupata maumbo matatu. Jina lake ni maarufu hadi leo kwa wapenzi wa mchezo huu. Mzee wetu hajawahi kumsikia, lakini wote wawili waliijua siri moja, kwamba kitu cha majaribio sharti kifunguke.

Basi wakapunguza nafasi kwanza, na ile ya nne ikaanza kurudi. Ndipo mtoto akaruhusiwa kugusa umbo. Mzee alimpa mkononi pete ya chuma na sahani bapa ya chuma, akamwambia avizungushe kimoja baada ya kingine. Pete yenye upana na uzito sawa na sahani bapa ni ngumu karibu maradufu kuianzisha, na ni ngumu vivyo hivyo kuisimamisha, kwa kuwa uzito wake wote umekaa ukingoni. Mtoto alielewa bila hesabu yoyote. Akachora yoyo iliyochimbwa katikati na kuachwa nene kando, na akachagua kipande cha mti mzito zaidi, salio la mguu wa kitanda, ili kufidia kilichochimbwa.

Hiyo ikawa yoyo ya tano. Gramu 29 kwa 29. Tulirudi nyumbani jioni tukiwa na vumbi la mbao hadi masikioni.

JUMAMOSI YA TATU: KARIOKOR

Ungedhani safari imekwisha, msomaji. La hasha! Tulikuwa tumeusahau uzi.

Wiki nzima tulitumia uzi wa nailoni. Uliteleza, haukukamata vizuri, na baada ya kutupwa mara nyingi ukaanza kulainika mahali unaposugua mhimili, kwa sababu msuguano huleta joto na nailoni haipatani na joto. Tulihitaji pamba. Hivyo Jumamosi ya tatu tukaenda Kariokor, soko lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi Waafrika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918. Wengi huenda huko kwa ajili ya nyama choma, na sikulaumu, lakini ukitangulia kwenye vibanda vya vyondo na makubazi utajifunza mengi kabla ya kula.

Mama mmoja alikuwa ameketi akisuka kiondo, akisokota nyuzi juu ya paja lake kwa kiganja, kama walivyofanya mama na nyanya yake. Tulipomweleza tunachotafuta, alicheka kwamba mtu atoke kwake aje kutafuta kamba ya mchezo. Kisha akachukua uzi wa pamba tuliokuja nao, akampa binti yangu ncha moja.

Njia yenyewe ni hii, nawe waweza kuifuata sebuleni kwako. Kusanya nyuzi nne za pamba, ndefu kidogo kupita mara mbili ya kamba unayoitaka. Mmoja ashike ncha hii, mwingine asokote ncha ile hadi nyuzi zikaze sana. Sasa zikunje katikati na uzilete ncha pamoja. Zitajisokota zenyewe kwa zenyewe, zikawa kamba ya nyuzi nane, na pale zilipokunjwa patabaki kitanzi. Kifungue kitanzi hicho kwa kusokotoa kidogo, ukivishe mhimili. Usifunge fundo.

Hilo la kutofunga fundo ndilo lililozipa yoyo za Flores sifa yake, ustadi uliotoka kwao Ufilipino. Uzi uliofungwa huilazimisha yoyo kurudi mara tu inapofika chini. Uzi wenye kitanzi huiacha izunguke pale chini, ikisubiri uivute. Wachezaji husema yoyo "imelala", na michezo mingi ya kupendeza hufanyika yoyo ikiwa usingizini. Usingizi huo unahitaji uzito wa dunia. Mwezi Aprili 1985 wanaanga wa Marekani walichukua yoyo angani katika chombo cha Discovery. Ilikwenda na kurudi vizuri, lakini kulala ilishindwa, kwa kuwa hakukuwa na uzito wa kuivuta ikae mwisho wa uzi.

Urefu wa kamba nao una kanuni yake. Weka yoyo chini miguuni pa mtoto, uivute kamba juu hadi juu kidogo ya kitovu chake, ukate hapo na ufunge kitanzi cha kidole. Kamba ya mtu mzima haimfai mtoto, kama vile shati la baba lisivyomfaa.

Pale pale, kati ya vibanda vya vyondo, binti yangu aliitupa yoyo ya tano. Ilishuka wima, ikalala. Mama wa vyondo akaanza kuhesabu kwa sauti, na jirani zake wakamfuata: moja, mbili, tatu... Walipofika saba mtoto akavuta, nayo ikapanda ikaingia kiganjani kwa mlio mdogo. Wakapiga makofi. Mimi nilijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba.

SIKU YA KUPELEKA

Usiku wa kuamkia siku ya shule niliipaka yoyo ya tano mafuta, nikaiweka ndani ya kisanduku kizuri. Asubuhi nilikuta kisanduku kiko mezani kitupu. Alikuwa ametia yoyo nne ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na daftari: ya vifuniko vya jemu, ya bati la Kamukunji, ya nne na ya tano. Nikamwambia achukue ile nzuri tu, hizo nyingine zitamwaibisha.

"Mama, nikipeleka hiyo peke yake watasema ni ya fundi," akajibu.

Jioni alirudi. Alama alizopata zilikuwa chini ya zile za mkokoteni wa mwaka uliotangulia, kwa kuwa, kama mwalimu alivyoandika, kazi haikupakwa rangi. Lakini sikulazimika kungoja siku ya kutia sahihi. Alinifungulia shajara mlangoni, hajavua hata viatu, akaniwekea kidole mahali alama zilipoandikwa.

Na ile ya tatu, ya mgrevilea, iliyolala upande kama mlevi? Hiyo mzee wa Gikomba aliiomba. Ameitundika kwa msumari juu ya keezo lake. Tulipopita kumsalimu, alituambia kwamba kijana fulani wa jirani aliiona, akauliza mbona ina kasoro, na alipoelezwa akarudi kesho yake kuuliza kama anaweza kufunzwa kukereza. Kwa muda mrefu, mzee alisema, hakuna kijana aliyemwuliza swali hilo.

Msomaji, kama utaifuata njia hii, mambo machache yakumbuke. Muombe fundi ruhusa kabla ya kupiga picha. Mlipe kwa muda wake hata kama hukununua kitu, wala usishindane naye bei ya somo. Chagua saa ambayo hana mzigo wa wateja. Muachie mtoto kalamu na daftari, na wewe ushike mkoba, ikiwezekana uufunge kabisa. Kosa likitokea, na litatokea, lipime, liandikwe, kisha jaribuni tena. Wahunzi wa zamani walilijua hilo waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Barua nyingine imekuja juzi. Safari hii wanataka kitu chenye kuelea juu ya maji. Binti yangu ameshaandika kichwa cha ukurasa: "Mashua ya 1."